Kusafiri na Kusafirishwa

Ukifika kwenye steji ya mabasi na begi mkononi, makanga hakuulizi kama una safari. Anauliza, "Safari ya wapi?" Begi limeshasema kwamba unakokwenda kuna jambo linalokungoja.

Neno hili tulilipata kwa Kiarabu, tukalifanya letu kiasi kwamba siku hizi mtu husema "safari hii hanidanganyi tena" na hajatoka hata mlangoni kwake. Wageni nao wakalichukua na sasa, kwao, safari ni gari lisilo paa na simba chini ya mgunga. Hilo limelalamikiwa vya kutosha. Swali langu ni jingine: je, kila aliye njiani yuko safarini?

Kiswahili kinatofautisha. Anayezurura hamwagi mtu. Anayetembea jioni atarudi kabla ya chakula. Mwenye safari huaga, na akiaga anaeleza: naenda mazishini, naenda kutafuta kazi, naenda kumwona mama. Kusudi ndilo linaloifanya safari iwe safari. Lakini kusudi la nani?

Katika karne ya 19, misafara ilishuka kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Tippu Tip, aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili, alikuwa na kusudi lililo wazi: pembe za ndovu na faida yake. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru wanaolipwa ujira, kwa hiyo nao walikuwa na safari zao ndani ya safari ya tajiri. Ila njia hizo hizo zilipitwa pia na watu waliotekwa. Jua lilikuwa lile lile, vumbi lile lile. Hata hivyo, ukisema watumwa wale "walisafiri", ulimi unasita. Walipelekwa. Kusudi lilikuwepo, lakini halikuwa lao.

Sarufi yetu inalijua jambo hili. Kuna kusafiri na kuna kusafirishwa. Mahindi husafirishwa. Maiti husafirishwa: tunachanga wiki nzima ili mwili wa marehemu ufike kwao. Huko kusafirishwa si kubaya, maana wanaomsafirisha wanamjua na watawajibika kwake hadi kaburini. Ubaya huja pale mtu aliye hai, mwenye akili timamu, anapogeuzwa mzigo.

Mfikirie msichana wa Kilifi au Kakamega anayekwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba. Siku ya kuaga ana safari kamili: karo ya wadogo zake, mabati ya nyumba ya mamake. Wazee wanamwombea. Akifika, mwajiri anaichukua pasipoti, kazi si ile aliyoahidiwa, na mfumo wa kafala umeifunga ruhusa yake ya kuishi kule kwa mwajiri huyo huyo. Mahali fulani kati ya uwanja wa ndege na jiko lile, kitenzi kimebadilika.

Habari zikifika kijijini, utasikia, "Si alikubali mwenyewe?" Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu haikubali hoja hiyo: ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu haimwokoi mdanganyifu. Na hata bila sheria, ukweli unaonekana. Aliridhia kusudi, hakuridhia tu kiti cha ndege. Kusudi likibadilishwa nyuma yake, ridhaa yake haipo tena.

Mtu atapinga: lakini njaa nayo si ndiyo iliyomsafirisha? Kama dhiki ilimsukuma, tangu lini alikuwa huru? Hoja hii ina uzito. Ila wachache mno huondoka nyumbani bila kusukumwa na chochote. Shida humpa mtu kusudi, haimfanyi mzigo. Kwangu mimi, kipimo ni kurudi. Msafiri anaweza kusema, "Nimebadili nia, narudi nyumbani." Gunia haliwezi.

Kama ni hivyo, sisi tunaobaki tuna deni. "Safari njema" si maneno ya kumpungia mtu mkono tu. Ni kuuliza jina la mwajiri, kuweka nakala ya mkataba, kujua nauli ya kurudi itatoka wapi. Zaidi ya hayo, ni namna tunavyompokea. Wako wanaovumilia mateso kule kwa sababu wanaogopa swali moja litakalowangoja kwao: "Umetuletea nini?" Wakala alimfungia mlango wa kule, na sisi kwa kicheko chetu tunamfungia wa huku. Anayerudi mikono mitupu aulizwe kwanza habari za safari, kisha apewe maji, aketi. Mengine atayasema mwenyewe akipenda.