Kioo cha Asubuhi

Huko Buffalo, kando ya Ziwa Erie, baridi huchora majani kwenye kioo cha dirisha.

Kioo. Neno moja. Ndicho tunachochungulia nje, ndicho tunachojitazamia tukichana nywele. Hata simu ina kioo, kikipasuka moyo nao hupasuka.

Mama uliyeko Columbus, chombo cha kioo cha kunywea maji kwenu Unguja mliita bilauri. Jirani yako wa Nairobi anaiita glasi. Maji ni yale yale. Kiu ni ile ile.

Nawe ndugu wa Louisville, uliyetoka Bukavu, unakwangua barafu kwenye kioo cha gari gizani. Kwangua taratibu, ndugu yangu. Leo kazini mtu atakutazama usoni. Ataona dirisha, au atajiona mwenyewe?