JUMANNE: Harufu ya Kuungua

Mwezi Julai 2007, rubani wa ndege ndogo aina ya Cessna 310 nchini Marekani aliona rada ya hali ya hewa ikizimika, kisha akasikia harufu ya kuungua. Aliizima rada na kuvuta swichi ya usalama inayoikatia umeme. Harufu ikaisha. Alipotua, aliandika kasoro hiyo ili mafundi waishughulikie.

Kesho yake, Julai 10, ndege ileile iliruka kutoka Daytona Beach, Florida, bila kutengenezwa. Waliomo walitoa taarifa kwa redio kwamba kulikuwa na moshi ndani. Kabla ya kuufikia uwanja wa Sanford, ndege iliangukia nyumba za watu. Wawili waliokuwa ndani walikufa, pamoja na watu watatu waliokuwa majumbani mwao. Wachunguzi walihitimisha kwamba ndege iliruhusiwa kuruka, na marubani wakakubali kuirusha, hali kasoro yake ikijulikana.

Soma Matendo 24:24–27. Feliki aliposikia habari za haki, kiasi na hukumu itakayokuja, alifanya nini? Kwa nini hofu yake haikumsaidia?

Feliki alisadikishwa hata akaogopa. Lakini alimwondoa Paulo mbele yake, akingojea nafasi nyingine. Nafasi hazikukosekana: alimwita mara nyingi, ila alitazamia rushwa. Miaka miwili ikapita, akaondoka madarakani, akimwacha Paulo kifungoni.

Harufu ikiisha haina maana kwamba waya umepona. Nasi twaweza kunyamazisha dhamiri: tunabadili mazungumzo, tunamkwepa ndugu tuliyemkosea, tunaahidi kutubu baada ya mavuno au baada ya makambi. Amani ya namna hiyo ni ya muda tu. Tena moto wa dhambi hauishii kwa aliyeificha. Huwafikia mke, mume, watoto na majirani wasiojua lolote.

Soma Zaburi 32:3–5. Daudi alipata wapi nafuu?

Daudi naye alinyamaza kwanza, akadhoofika. Nafuu ilikuja alipoacha kuficha, akaungama kwa Bwana. Roho Mtakatifu hatuonyeshi kasoro ili atuaibishe. Anatuonya tukiwa bado chini, mahali ambapo matengenezo yanawezekana.

Ni onyo gani ambalo Mungu amekupa nawe umelinyamazisha tu? Ni nani wengine watakaoumia ukiendelea kuahirisha? Utachukua hatua gani leo, kabla jua halijazama?