Jawabu la Mwenye Kuuliza Khabari ya Kusafiri Baharini Peke Yake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake Yeye aliyeitiisha bahari ili vyombo vipite juu yake, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu zangu Waislamu, sisi watu wa Kisarawe ni watu wa vilima na mikorosho. Bahari twaisikia kuliko tunavyoiona. Lakini jamaa zetu wengi wako pwani, Kisiju na Kwale na Mafia, na katika chuo changu wamo watoto wa wavuvi walioletwa kwetu kusoma. Mmoja wao, tulipokuwa tumemaliza darasa ya Safinat-un-Najaa baada ya Alasiri, aliniuliza: "Maalim, nimesikia ya kuwa wako watu wazungukao dunia nzima peke yao ndani ya chombo kidogo. Je, sheria yasemaje?" Wenziwe wakacheka. Mimi sikucheka, kwanza kwa kuwa kitabu tulichokuwa tukikisoma chenyewe kimepewa jina la chombo, na pili kwa sababu nitakayoieleza mbele. Nalimwambia anipe siku saba, na haya ndiyo niliyomjibu.

Jueni ya kuwa khabari hii ni ya kweli. Wa kwanza aliyeizunguka dunia peke yake ni nahodha Joshua Slocum wa Marekani. Chombo chake, Spray, urefu wake ni futi 36 na inchi 9, nacho alikiunda upya kwa mikono yake kutoka gofu la chombo kikuukuu. Alitoka Boston tarehe 24 Aprili 1895, akarejea Newport tarehe 27 Juni 1898, baada ya mwendo wa maili 46,000. Katika mwaka 1897 alipita katika bahari hii yetu ya Hindi, akafika Rodrigues na Mauritius, kisha Durban. Tena wasema ya kuwa hakujua kuogelea! Baada yake wamekuja wengi. Aliyestaajabisha zaidi ni Serge Testa, aliyetoka Brisbane mwaka 1984 akarudi mwaka 1987, na chombo chake ni futi 12 kasoro inchi 2, yaani dhiraa nane hivi. Ngalawa ya mvuvi wa Kisiju, iliyochongwa kwa gogo la mwembe, yakishinda chombo hicho kwa urefu.

Ama hukumu ya kupanda bahari, wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafii wameieleza katika mlango wa Hija. Wamesema, ikiwa ghalibu ni salama, basi ni wajibu kwa mwenye kuhiji kuipanda ikiwa hana njia nyingine; na ikiwa ghalibu ni kuangamia, ni haramu. Basi ikiwa kwa ajili ya nguzo ya dini mtu hapewi ruhusa ya kujitupa katika maangamizo, itakuwaje kwa ajili ya kutajwa? Na Bwana wetu Omar aliichelea bahari juu ya Waislamu, hata Muawiya alipomtaka ruhusa hakumpa; Bwana wetu Othman ndiye aliyempa, kwa sharti asimlazimishe mtu.

Lakini nani ajuaye iliko ghalibu? Si mimi niliyekaa juu ya mkeka. Ajuaye ni mwenye ujuzi wa bahari. Katika kitabu cha kale cha Ajaib-ul-Hind imetajwa khabari ya nahodha mmoja jina lake Abhara, mtu wa Kirman, aliyekwenda Uchina mara saba. Jahazi moja ya Siraf ilimkuta katika bahari ya huko, shwari imetanda, naye ameketi peke yake katika kidau na kiriba cha maji. Wakamwita apande kwao, akakataa, akasema hali yake ni njema kuliko yao. Wakashangaa: jahazi kubwa yenye mali na watu, na mtu mmoja ndani ya kidau! Hakupanda mpaka walipompa dinari elfu na kukubali kumtii. Akawaamrisha watupe mizigo mizito na kuukata mlingoti mkubwa. Wakaona hasara tupu. Kisha kikaja kimbunga kikubwa, wakaokoka. Basi udogo wa chombo si hoja peke yake, wala ukubwa wake si amani. Nami simwambii kijana wa kivuvi kwamba ngalawa ni haramu, hali babu yake alilelewa nayo.

Hoja ya pili ni upweke, nayo ndiyo nzito. Imepokewa kwa Ibn Omar katika Sahihi ya Bukhari ya kuwa Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba lau watu wangalijua yaliyomo katika upweke kama alivyoyajua yeye, asingalisafiri mtu usiku peke yake. Na Imamu Bukhari, kwa fahamu zake, katika mlango huo huo ameitia khabari ya Zubeir, aliyetumwa peke yake siku za Khandaq kupeleleza adui. Ndipo wanavyuoni wakasema: kusafiri peke yake ni karaha, illa kwa haja. Mvuvi aliyekosa mwenzi asubuhi ile na watoto wake wana njaa ana haja. Na mwenye kutaka kuvunja shindano la watu wengine, haja yake i wapi?

Mtazameni Slocum huyo huyo. Alipotoka visiwa vya Azores mwaka 1895 alikula matunda na jibini, tumbo likamkamata, akaanguka chini chumbani hali tufani inavuma. Akaona kwa macho yake mtu mgeni ameshika usukani, aliyemwambia kuwa ni rubani wa jahazi ya Pinta, ya Columbus. Alipozindukana aliona chombo kimeshika njia yake. Mwenyewe alijua ni ndoto ya homa. Nasi twasema chombo kile kilikuwa kimeundwa vizuri, hata kikajiongoza. Kutoka Australia hadi visiwa vya Cocos kilikwenda siku 23 naye hakushika usukani ila kwa muda wa saa tatu tu jumla yake. Lakini mgonjwa yule angalikufa, nani angalimwosha? Nani angalimsalia? Kumwosha maiti na kumkafini na kumsalia ni faradhi ya kutoshelezana, na peke yako huna wa kukutosheleza.

Mwaka 2022 palikuwa na mashindano ya kuzunguka dunia, kila mtu peke yake. Mwezi Novemba chombo cha Tapio Lehtinen, mtu wa Finland, kikazama katika bahari ya Hindi, kusini ya bara letu la Afrika. Aliyegeuza tanga usiku kucha akamtoa majini ni mwanamke wa Afrika ya Kusini, Kirsten Neuschäfer, mshindani wake. Naye juu ya hayo ndiye aliyeshinda, akafika Ufaransa tarehe 27 Aprili 2023. Ikawa hata katika mashindano ya upweke, mtu aliokoka kwa mtu.

Ama ibada za msafiri huyo, kijana alidhani ndizo zitakazomshinda, na kumbe ndizo nyepesi. Maji matamu yakiwa machache, atatawadha kwa maji ya bahari. Sahaba mmoja alimwuliza Mtume suala hilo hilo, naye akabainisha kuwa maji ya bahari ni tohara na mfu wake ni halali. Sala ya faradhi ataelekea Kibla, na chombo kikigeuka naye atageuka. Akichelea kizunguzungu au kuanguka, atasali kwa kukaa. Na katika sala za sunna, mwenye kushika usukani amesamehewa Kibla, ataelekea aendako. Atakusuru na kujumuisha kwa masharti yake.

Liko suala moja lililowapendeza sana wanafunzi, nami nililikawilisha makusudi. Mwenye kuizunguka dunia kwa kufuata machweo hupotewa na siku moja. Abulfida, amiri wa Hama na mwanachuoni wa khabari za nchi, aliyefariki mwaka 732 wa Hijra (1331), alilieleza jambo hili kabla ya mtu yeyote kuizunguka dunia. Tuseme watu watatu wameagana hapa Kisarawe: mmoja amekaa, mmoja amekwenda magharibi, mmoja mashariki, hata wakakutana tena. Aliyekaa akisema leo ni Ijumaa, wa magharibi atasema ni Alkhamisi, na wa mashariki atasema ni Jumamosi. Na hakuna mwongo kati yao. Miaka karibu 200 baadaye, Julai 1522, watu wa jahazi ya Magellan waliosalia walifika visiwa vya Cape Verde wakiwa na hesabu ya Jumatano, wakaambiwa ni Alkhamisi. Wakashikwa na bumbuwazi, maana mwandishi wao alikuwa akiandika kila siku bila kukosa. Basi msafiri wetu atasali sala tano kwa jua alilo nalo, na akifika mji atafuata siku ya watu wa mji, kama tulivyosoma katika mlango wa Saumu juu ya mwenye kufika nchi iliyotangulia kuona mwezi. (Wako ndugu wanaoniletea barua kwamba dunia ni bapa kama sinia. Hata Slocum alipofika Pretoria alimkuta Rais Kruger akishika maneno hayo. Sitajibu barua hizo.)

Nije kwenye nia. Mwaka 1968 watu tisa, Waingereza na wenzao, waliingia mashindano ya kuzunguka bila kutia nanga. Aliyemaliza ni mmoja tu, Robin Knox-Johnston, katika Suhaili, chombo cha msaji kilichoundwa Bombay, aliyerejea Falmouth tarehe 22 Aprili 1969. Mwenzao, Donald Crowhurst, alitoka tarehe 31 Oktoba 1968 na chombo kibovu, akiwa amejifunga kwa deni la fedha na la sifa. Akaona hawezi kuendelea, na kurudi ni aibu. Akakaa katika bahari ya Atlantiki akipeleka kwa simu ya upepo khabari za mahali asipofika, na hesabu ya uongo akaiandika katika daftari ya peke yake. Miezi ikapita. Watu wakamshangilia kwa safari asiyoifanya. Tarehe 10 Julai 1969 chombo kikaonekana kinaelea, madaftari yamo, mtu hamna. Aliacha mke na watoto wanne. Na Knox-Johnston akawapa wao fedha zake za ushindi, pauni 5,000.

Ndugu zangu, katika Surat Yunus Mwenyezi Mungu ametutajia watu ambao mawimbi yanapowazunguka humwomba Yeye tu kwa ikhlasi, na wakifika nchi kavu huasi. Mtu huyu mawimbi yalikuwa yamemzunguka, hapana aliyemwona ila Mola wake, na bado alikuwa akisema na watu wa bara. Nimelifikiri sana jambo hili. Riyaa haihitaji hadhara. Mtu huichukua pamoja naye, hata mahali pasipo na jicho la mtu mpaka upeo wa macho.

Sasa ile sababu ya pili. Mwezi Novemba 1909 Slocum, aliyekuwa na miaka 65, alitweka tanga tena peke yake na Spray ile ile, akielekea Amerika ya Kusini. Hakuonekana tena. Mahakama ya kwao haikumhukumia mauti ila mwaka 1924. Miaka 15 mkewe hakuwa mjane wala hakuwa na mume. Katika fikihi mtu huyo huitwa mafkudi, aliyepotea asijulikane ni hai au ni maiti.

Mwanamke mmoja wa upande wa Kisiju alinijia mwaka wa sita tangu mumewe kutoka na ngalawa yake alfajiri, peke yake, siku za kusi. Mwenziwe wa kuvua alikuwa na homa. Akasema hatakwenda mbali. Wengine husema alionekana Mafia, wengine Msumbiji. Ameposwa na mtu mwema, naye ana watoto watatu. Nalimfungulia vitabu. Kauli ya kale ya Imamu Shafii, kwa hukumu ya Bwana wetu Omar, ni kungoja miaka minne kisha kukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Kauli yake mpya, ambayo ndiyo ya kutegemewa, ni kwamba yeye ni mke wa mtu mpaka ipatikane yakini ya kufa kwake au ya talaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Maalim, na bahari hutoa yakini?"

Sikuwa na la kusema. Wako katika wanavyuoni wa madhehebu yetu waliofutu kuwa nafaka ikikatika, khabari zikapotea na mali ya mume isipatikane, kadhi aweza kuivunja ndoa. Nikamwuliza kama mumewe ameacha kitu. Akasema ameacha nyavu mbili na tanga la akiba, vimetungikwa darini, hakuthubutu kuvigusa. Nikampeleka kwa kadhi. Kadhi akahukumu kuwa mali ya mafkudi hairithiwi wala haigawanywi, lakini nyavu ni kitu cha kuoza, basi ziuzwe, na mke na watoto walishwe kwa thamani yake. Na maadamu thamani ipo, nafaka haijakatika, basi ndoa ipo. Hukumu ni sawa, sina neno juu yake. Nyavu zilinunuliwa na yule yule mwenziwe aliyekuwa na homa.

Kijana aliyeuliza ni mkubwa wa watoto wale watatu. Likizo ya mwezi huu atakwenda kuvua pamoja na mwenye kuzinunua nyavu hizo, wawili katika ngalawa moja, kwa idhini ya mama yake na yangu. Wallahu aalam.