Kilichozidi Kwenye Gunia



Ndugu zangu wa Njombe na Makambako, nani asiyeijua Alfajiri ya Julai huku kwetu? Sakitu imelala juu ya nyasi kama chumvi iliyomwagwa, maji ya ndoo yanauma vidole, na blanketi linakung'ang'ania. Mtume (S.A.W.) alikutaja kutimiza udhu wakati nafsi inauchukia kuwa ni miongoni mwa mambo ambayo Mwenyezi Mungu hufutia makosa na kupandishia daraja. Wenzetu wa Tanga na Unguja huisikia hadithi hiyo na kuielewa. Sisi tunaoishi nyanda hizi za juu tunaisikia hadi kwenye vifundo vya mikono.

Naanza na Alfajiri kwa sababu vijana wa stendi na sokoni Makambako huniuliza mara kwa mara: Sheikh, ni dua gani isomwe ili biashara ifunguke? Dua zipo, na tuzisome. Lakini ipo moja ambayo Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikwisha kutuombea, kwamba umma wake ubarikiwe katika asubuhi zake. Sahaba aliyeipokea, Sakhr al-Ghamidi, alikuwa mfanyabiashara. Hakuishia kuisimulia, akawa anatuma bidhaa zake mwanzo wa mchana, na mali yake ikawa nyingi. Anayeswali Alfajiri kisha akarudi kulala hadi saa tatu ameombewa baraka na hayupo wakati inapogawiwa.

Sasa nije kwenye shukrani. Tumezoea kwamba kushukuru ni kusema Alhamdulillah baada ya kushiba, na ni kweli neno hilo ni zito. Lakini katika Surat Saba Mwenyezi Mungu anaiamrisha nyumba ya Nabii Daud (A.S.) ifanye kazi kwa kushukuru, kisha anasema kuwa waja wake wanaoshukuru hasa ni wachache. Shukrani hapo imekuwa kazi. Na Daud alikuwa mfalme aliyekula jasho la mkono wake. Alilainishiwa chuma akafua mavazi ya vita. Aya chache kabla ya hapo anaagizwa azipime sawasawa pete za mavazi hayo. Mfalme na Nabii, anaagizwa kuhusu kipimo cha pete! Kumbe Mola wetu anaitazama kazi mpaka kwenye kiungo kidogo ambacho mnunuzi hatakiona.

Ndugu zangu, kipimo chetu sisi kikoje?

Nendeni shambani Uwemba wakati wa kuvuna viazi. Gunia linajazwa mpaka mdomoni. Hapo lingeshonwa, mambo yakaisha. Lakini dalali anasema bado. Vinapangwa viazi vingine juu, vinajengewa kichwa, kamba inapitishwa huku na huku, na gunia la mtu mmoja linahitaji wanaume watatu kulinyanyua. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya Vipimo, Sura 340, haiitambui, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiwaeleza watu miaka nenda rudi kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100. Mkulima analipwa kwa kuhesabiwa magunia, hapimiwi kilo, kwa hiyo kila kilichozidi anakitoa bure. Tuseme kila gunia limezidi kilo 30. Katika magunia kumi zimeondoka kilo 300, yaani magunia matatu kamili, ambayo mkulima huyo aliyalimia, akayapalilia na kuyapigia dawa, na mbolea aliikopa.

Lori linashuka hadi Makambako, linaingia barabara kuu kuelekea Dar es Salaam, na dereva anasema Bismillahi.

Surat Al-Mutaffifin tunaisoma kama sura ya muuza duka anayepunja kwenye mizani. Isomeni tena. Anayetajwa kwanza ni yule anayepokea: wanaotaka watimiziwe kikamilifu wanapopokea kwa watu, na wanapowapimia wengine wanapunguza. Huyo amepokea kamili tu, na ole imemshukia kwa kuwa hawapi wenzake kama anavyotaka kupewa. Je, anayechukua zaidi ya kamili, kutoka kwa mtu mwenye shida ya ada ya mtoto wiki hiyo hiyo, atasimama wapi?

Najua jibu linalotolewa: soko ndivyo lilivyo, nikikataa mimi atachukua mwingine. Jibu hilo nimelisikia hata kwa watu tunaosimama nao safu moja, na linaniumiza. Waislamu huku kwetu ni wachache. Jirani yetu wa Kibena au Lupembe huenda hatausoma Uislamu kwenye kitabu chochote. Atausoma kwenye gunia tulilonunua kwake.

Na mkulima naye asijione yuko salama. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni Madina, akaingiza mkono ndani ya fungu la nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye nafaka akasingizia mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione, na Mtume akamwambia kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Viazi vikubwa juu, vidogo na vilivyooza katikati: mkono ule ungeingia kwenye gunia lako ungetoka na nini?

Kuna watu wengine wanaosahaulika zaidi, nao ni vibarua: wachuma chai, wavuna parachichi, wapakia mbao na nguzo. Mtume (S.A.W.) alisimulia habari za watu watatu waliofungiwa pangoni na jabali. Kila mmoja alimwomba Mungu kwa amali yake iliyo safi kuliko zote. Mmoja wao alikuwa na kibarua aliyeondoka bila kuchukua ujira wake. Tajiri yule hakuula. Akaufanyia kazi, ukazaa mifugo, na kibarua aliporudi baada ya muda mrefu kudai ujira wake mdogo, akaonyeshwa kundi la wanyama akaambiwa ni lako. Akadhani anachezewa. Akaswaga wote, hakuacha hata mmoja. Kwa amali hiyo jabali lilisogea. Angeweza kutaja sala au funga zake. Alitaja ujira wa kibarua.

Mimi hushauri jambo moja dogo kwa kila anayetaka kazi yake inyooke: nunua daftari. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Surat Al-Baqara, inahusu kuandika deni. Baada ya Alfajiri, kabla hujashika simu, andika mistari michache: leo nafanya nini, nani ananidai, nani alinisaidia jana sijamwambia ahsante. Huo wa mwisho usiurushe, maana Mtume (S.A.W.) alisema asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu. Na kazi yenye kukawia usiiogope. Nyie mnapanda misindano mkijua itakatwa baada ya miaka mingi, pengine na wajukuu; na tumeagizwa kwamba hata Kiyama kikisimama mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda, aupande.

Leo ni Ijumaa. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tukimaliza sala tutawanyike tukatafute fadhila zake huku tukimkumbuka kwa wingi. Tutatawanyika sasa hivi; wengine magari yao yako barabarani, yameshapakiwa. Pengine yupo humu mwenye kibarua wa wiki iliyopita ambaye bado anazungushwa, ana namba yake, na pesa iko kwenye simu. Amtumie kabla hajavaa viatu.