Mwamuzi wa Uzuri ni Nani?

Somo: 1 Samweli 16:1–13



Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya uzuri wa mwili. Labda mtu atauliza, Jambo hili lina kazi gani katika gazeti la Kanisa? Uzuri ni habari ya wasichana na ya wauza nguo. Lakini ngojeni kwanza, msikie tuliyoyaona kwa macho yetu wenyewe.

Tulialikwa arusini katika kijiji kimoja cha Newala, baada ya korosho kuuzwa, wakati watu wana fedha mkononi na ngoma hazilali. Ibada ilipokwisha, jamaa walikusanyika mbele ya kanisa wapigwe picha kwa simu. Bibi mzaa mama wa biarusi alikuwapo, mzee sana, mwenye nembo za Kimakonde usoni. Na mdomo wake wa juu ulikuwa na tundu kubwa lililolegea, mahali palipokaa ndonya katika ujana wake. Mjukuu mmoja akamwinamia akamwambia, "Bibi, jifunike mdomo kidogo, picha hii itakwenda mbali." Yule mzee hakukasirika. Akavuta kanga yake mpaka puani, akapigwa picha hivyo. Nasi watumishi wa Neno tulisimama pale pale, tukanyamaza.

Jioni tulipoketi naye tukamwuliza kama aliona uchungu. Akacheka, akasema, "Ninyi hamjui, wanangu. Siku zetu aliyejifunika mdomo ni yule asiyekuwa na ndonya."

Neno hili halikututoka moyoni. Maana mdomo ni ule ule, na mwanamke ni yule yule. Aliyebadilika ni mwamuzi. Basi twauliza: Mwamuzi wa uzuri ni nani?

Kwanza, tutazame jinsi waamuzi wa dunia wasivyokaa mahali pamoja.

Vijana wengi hawajui habari za ndonya ila kwa kusikia. Msichana alitobolewa mdomo wa juu, akatiwa kijiti chembamba. Kisha kikatiwa kinene zaidi, na zaidi tena, hata tundu likaenea na kupokea kipande cha mti cha mviringo. Nembo nazo zilichanjwa kwa kisu, usoni na kifuani na tumboni, na masizi yakasuguliwa katika vidonda ili alama isifutike. Yalikuwa maumivu makali, na msichana alitazamiwa ayavumilie, kwa kuwa bila hayo hakuhesabiwa kuwa mzuri. David Livingstone, kabla hajapita katika bonde la Ruvuma mwaka 1866, alikuwa ameona pambo kama hilo upande wa mto Shire, akamwuliza mzee mmoja sababu yake. Yule mzee alistaajabia swali lenyewe. Akajibu kwamba ni uzuri tu. Wanaume wana ndevu, na wanawake hawana, basi wangekuwaje pasipo pambo hilo?

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa mila za mataifa, alifika Masasi na kukaa Newala. Akawapiga picha wanawake wa nchi hii, na mwaka 1908 habari za safari yake zikatoka kitabuni kwao. Hivyo nyuso za bibi zetu zilikwenda mbali zamani, kabla ya simu. Nao wa mbali wakazitazama kama kitu cha ajabu, wala si kama nyuso za wanawake waliojiremba.

Kisha zikaja shule, barabara na miji, na wasichana wakakataa kutobolewa. Hatulilii jambo hilo, wala hatuwaiti mrudie kisu na kijiti. Lakini angalieni kioja hiki: mapiko, yaani vinyago vya kuvaliwa katika ngoma, huchongwa vikiwa na ndonya na nembo zile zile, na watu wa Ulaya wameviweka katika majumba yao ya makumbusho, nyuma ya vioo, na kuvitunza kama mali. Uso wa mti wenye ndonya watolewa mbele ya wageni, na uso wa nyama na damu wenye alama ya ndonya wafunikwa kanga. Je, huyu ni mwamuzi wa haki?

Tena msidhani kwamba huko mbali mwamuzi ametulia. Ziko kazi kubwa duniani za kushona na kuuza mavazi, nazo zina wanamitindo, yaani watu wanaoajiriwa kuvaa nguo na kupita nazo mbele ya watazamaji, au kupigwa picha, ili wengine wazitamani. Mwaka 1966 mjini London alisifiwa msichana mwembamba mno aliyeitwa Twiggy, na wasichana wengi wakataka kuwa kama kijiti. Mwaka 1997 gazeti la Elle la Marekani lilimweka mbele kwenye jalada Alek Wek, Mdinka, aliyekimbia vita vya Sudan akiwa msichana: mweusi sana wa ngozi, mwenye nywele fupi za asili. Watu wengi waliona kuwa ni jambo jipya kabisa, kana kwamba Mungu ameanza mwaka huo kuumba watu weusi. Nchi ya Ufaransa ililazimika kuweka sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2017, kwamba mwanamitindo awe na hati ya daktari kuthibitisha afya yake, na kwamba picha ya biashara iliyopunguzwa au kuongezwa umbo la mwili itajwe kuwa imebadilishwa. Sikieni hayo, enyi mabinti! Picha mnayojipima nayo huenda si ya mtu aliye hai. Hata yule aliyepigwa hafanani nayo.

Na kwetu Tanzania? Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU uliazimia kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kuchubua ngozi, kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Mashindano ya urembo nayo yalikomeshwa miaka hiyo, yakarudi mwaka 1994. Mwaka 2007 Flaviana Matata, binti aliyempoteza mama yake katika ajali ya meli ya MV Bukoba ya mwaka 1996, alikwenda Mexico kwa mashindano ya Miss Universe hali amenyoa kichwa chake, akaingia katika kumi bora. Kwa hiyo nywele za bandia ziliharamishwa, zikaruhusiwa, kisha kichwa kisicho na nywele kikashangiliwa. Na haya yote katika maisha ya mtu mmoja, ambaye angali akitembea kwenda shambani.

Pili, tusikie Neno la Mungu lasemaje.

Samweli alitumwa Bethlehemu, nyumbani kwa Yese, ampake mafuta mfalme. Wana saba walipitishwa mbele yake mmoja mmoja, kama katika mashindano. Alipomwona Eliabu, mrefu na mwenye sura, moyo wake ulisema mara moja kwamba huyu ndiye. Angalieni, ndugu: aliyekosea hapa si mpumbavu wala mpagani. Ni nabii wa Bwana, mzee, aliyeijua sauti ya Mungu tangu utoto. Tena alikuwa amekwisha kumwona Sauli, aliyewapita Israeli wote kwa kimo, na mwisho wake ulivyokuwa. Hata hivyo macho yake yalimdanganya mara ya pili. Ndipo Mungu alipomwonya asitazame sura wala urefu, kwa kuwa mwanadamu huishia penye macho, naye Mungu hufika moyoni. Ikiwa Samweli alikosea, sisi ni nani tusiojihoji?

Lakini somo letu haliishi hapo. Daudi alipoletwa kutoka malishoni, Maandiko hayasemi kuwa alikuwa na sura mbaya. Yasema kwamba alikuwa na macho mazuri na umbo la kupendeza. Kwa nini tumeandikiwa hayo? Ili tusije tukageuza Neno la Mungu kuwa chuki ya uzuri. Wako wahubiri wakemeao kila kitambaa na kila ushanga, kana kwamba shetani ndiye aliyeziumba rangi. Sivyo. Mungu hakumchagua Daudi kwa ajili ya macho yake, wala hakumkataa kwa ajili ya macho yake. Uzuri ni zawadi yake. Ila si kipimo chake.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tujue upendo wa Mungu ulivyo.

Mwaka 1518 Daktari Martin Luther alisimama mbele ya ndugu zake watawa mjini Heidelberg, akafundisha tofauti ya upendo wa mwanadamu na upendo wa Mungu. Alionyesha kwamba mwanadamu hutafuta kwanza kitu cha kumpendeza, ndipo apende. Bali Mungu hapati kwetu kitu cha kumpendeza, hupenda kwanza, na upendo wake ndio ufanyao mtu kuwa mzuri. Ndugu, yashikeni haya. Msichana wa Masasi ajipakaye dawa usiku anasema moyoni, Nikiwa mweupe nitapendwa. Bibi yake aliyetobolewa mdomo alisema, Nikiwa na ndonya nitapendwa. Na sisi tuliovaa vizuri kanisani twasema, Nikionekana mwema nitapendwa. Sote tumesimama katika mstari mmoja mbele ya waamuzi, tukingoja kuitwa. Injili yasema, Umekwisha kupendwa, toka katika mstari huo.

Kwa maana Bwana wetu mwenyewe alikuja, na Isaya katika sura ya 53 alikuwa ametabiri kwamba hatakuwa na umbo la kuwavuta watazamaji, na kwamba watu watamficha nyuso zao. Yeye aliyetupenda alikubali kuhesabiwa kuwa mbaya. Na alipofufuka katika utukufu, hakuyafuta makovu yake. Alimwita Tomaso ayaone, ayaguse. Hakujifunika. Basi yuko mbinguni Mmoja mwenye alama mwilini, asiyezionea haya. Naye atamwoneaje haya mwanamke wa Newala kwa ajili ya alama za mdomo wake?

Tukisha kusikia haya, yatupasa kufanya nini?

Enyi mabinti, acheni mkorogo. Hatusemi hivi kwa kuwatisha. Mwaka 2003 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, nayo ilikuwa na sababu. Zebaki hupenya ngozi na kudhuru figo. Dawa kali za ngozi zipakwazo bila daktari huifanya ngozi kuwa nyembamba, hata kidonda hakiponi upesi. Bibi yako alitiwa alama kwa kisu mchana, mbele ya watu. Wewe wajitia jeraha usiku, peke yako, na bado unamcheka yeye kuwa mshenzi. Jirembe kwa furaha, vaa kanga yako nzuri, suka nywele zako. Lakini usiuze afya yako kwa mwamuzi atakayegeuka kesho.

Enyi vijana wa kiume, na wazazi mtafutao wake wa wana wenu, dhambi hii si ya mabinti peke yao. Mwanamume asemaye, Nataka mweupe, ndiye anunuaye ile dawa, hata kama fedha hazitoki mfukoni mwake. Mama amwitaye mtoto wake mmoja mzuri kwa sababu ya rangi, na mwingine akamnyamazia, amewasimamisha wanawe kama wana wa Yese, na yule Daudi amemwacha malishoni.

Nasi wachungaji, wainjilisti na wazee wa Kanisa, tujihoji. Je, hatujawahi kupima imani ya mwanamke kwa alama za uso wake, tukimwona mwenye ndonya kuwa mtu wa giza, na mwenye gauni kuwa mtu wa nuru? Je, hatuwapi viti vya mbele waliovaa vizuri? Ikiwa tumefanya hivyo, tumekaa kiti cha mwamuzi asiyetumwa na Mungu. Tutubu.

Ndonya zimekwisha kutoka midomoni, na wanawake waliozivaa wamebaki wachache sana. Wakati hauko mwingi. Kwa hiyo twawaomba jambo moja lililo dogo. Nenda nyumbani kwa bibi yako. Mpige picha tena, na safari hii umwombe aishushe kanga. Keti karibu naye, uso wako kando ya uso wake, wala usiipunguze picha wala kuiongeza. Kisha ipeleke mbali upendavyo. Na atakayekuuliza, Huyu ni nani? umjibu, Ni bibi yangu, na Mungu ampenda.

Tuombe: Ee Bwana Yesu Kristo, uliyeyachukua makovu yako mpaka mbinguni, utusamehe tuliomwonea haya uliyemfia. Utuponye macho yetu, utufundishe kuonana kama utuonavyo wewe. Wabariki wazee wetu wa Masasi na Newala, na mabinti zetu wote, wajue kwamba wamependwa kabla hawajapendeza. Amina.