HUTUBA YA IJUMAA: NGURUWE WA JIRANI NI AMANA GANI KWETU?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.

 Ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninakuusia wewe msomaji, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ama baada ya hayo. Huenda ukashangaa kuona neno nguruwe kwenye karatasi ya Ijumaa. Nyama yake ni haramu kwetu, wala hutuba hii haibadilishi hukumu hiyo hata kidogo. Lakini hapa Bunia huishi peke yako. Kiwanja chako kimepakana na cha jirani Mkristo, na kwa jirani huyo nguruwe ndiye akiba ya nyumba. Ndiye pesa ya masomo ya watoto, ndiye dawa mgonjwa anapolala hospitali. Nguruwe hao wakifa wote kwa wiki moja, mtoto atakayerudishwa kutoka shuleni ni yule anayecheza na mwanao.

UGONJWA WENYEWE

Uko ugonjwa unaoitwa homa ya nguruwe ya Afrika, nao hurudi mara kwa mara katika Kongo ya mashariki na kwa jirani zetu wa Uganda. Unaletwa na virusi. Uliandikwa kitaalamu mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921. Asili yake ni porini: virusi hukaa ndani ya ngiri na ndani ya kupe wa mashimo yao, na ngiri haugui. Lakini nguruwe wa kufugwa akiupata, homa humpanda, huacha kula, ngozi ya masikio na tumbo huwa nyekundu au zambarau, na mara nyingi hufa kwa siku chache. Dawa ya kuutibu hakuna.

Sasa jiulize: ngiri haingii mjini Bunia. Nani basi anauleta hadi kwenye zizi la jirani? Ndugu yangu, mara nyingi ni mkono wa mwanadamu na namna anavyofuga.

Kwanza, nguruwe huachwa wazurure, wakila jalalani na kukutana na wa nyumba nyingine. Pili, hulishwa mabaki ya chakula yenye vipande vya nyama ya nguruwe bila kuchemshwa, na virusi hivi huishi ndani ya nyama kwa miezi. Tatu, dume moja huazimwa nyumba kwa nyumba. Nne, nalo ndilo baya zaidi, mfugaji akiona mmoja ameugua huwauza upesi wengine kabla hawajafa, na mizoga huitupa mtoni. Hapo ugonjwa hupanda gari na kufika soko la mbali.

Usidhani ni mambo ya vijijini tu. Mwaka 1957 ugonjwa huu ulivuka bahari hadi Ureno. Inaelezwa kwamba mabaki ya chakula cha ndege yalilishwa nguruwe karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon. Mwaka 2018 ukaingia China, na mamilioni ya nguruwe wakaangamia.

MAFUNDISHO YETU

Mtume wetu (s.a.w.) alikwisha kutufundisha kwamba mwenye wanyama wagonjwa asiwapeleke kwa wanyama wazima. Akafundisha kuwa pakizuka tauni mahali, aliye nje asiingie na aliye ndani asitoke kwa kuikimbia. Sayyidna Umar (r.a.) alirudi njiani asiingie Sham kwa sababu ya tauni. Na kuhusu jirani, Mtume alisema Jibril alimuusia sana hadi akadhani atamfanya mrithi. Abdullah bin Amr (r.a.) alipochinja kondoo nyumbani kwake aliuliza kama jirani yake Myahudi amepelekewa fungu. Hakuuliza kwanza dini ya jirani.

Kwa hiyo wapo miongoni mwetu wanaokosea wanaposikia nguruwe wa mtaa wanakufa, wakacheka na kusema Mungu amewapiga. Nani amekuambia hivyo? Mwaka 2012 sotoka ya mbuzi na kondoo iliua wanyama wengi sana katika Kongo hii. Mbuzi ni halali. Je, hapo alipigwa nani? Mtihani ni mtihani, na anayecheka msiba wa jirani amejitia mwenyewe katika mtihani mkubwa zaidi.

TUSIZIDISHE WALA TUSIPUNGUZE

Homa ya nguruwe ya Afrika haimwambukizi mwanadamu. Basi usieneze uvumi kwamba familia fulani ina ugonjwa wa kuua watu. Katika Ituri hii tunajua uvumi unavyoua. Tulikuwa na Ebola mwaka 2018 hadi 2020, na maneno ya uongo yaliwafanya watu wawakimbie waganga.

Lakini pia tusiseme kwamba virusi vya nguruwe havituhusu kamwe. Mwaka 1998 na 1999 huko Malaysia, mazizi makubwa yalijengwa chini ya miti ya matunda. Popo walikula matunda, mabaki yakaanguka zizini, nguruwe wakapata virusi vya Nipah, kisha wafugaji. Nguruwe wagonjwa wakauzwa mkoa hadi mkoa. Watu 105 walikufa. Popo na nguruwe wameumbwa na Mola wao. Aliyewakutanisha hapo ni mjenzi wa zizi.

Na uko mfano wa dhuluma. Mwaka 2009, wakati wa mafua yaliyoitwa ya nguruwe, serikali ya Misri iliamuru nguruwe wote wachinjwe, kama 300,000, wengi wao wakiwa mali ya Wakristo maskini waokota taka wa Cairo. Shirika la Afya Duniani lilisema hatua hiyo haina faida, kwa kuwa mafua yale yalikuwa yakitoka mtu kwa mtu. Mafua yakaenea vilevile, na taka zikarundikana mitaani. Ndugu, madhehebu ya Hanafi yanasema Mwislamu akimharibia asiye Mwislamu nguruwe wake, atalipa. Wanazuoni wengine hawakuwajibisha fidia, lakini hakuna aliyemruhusu Mwislamu kumdhulumu jirani yake.

LA KUFANYA

1. Ukiona nguruwe wa jirani wanaugua, mpe pole, mshauri amwite veterineri wa serikali, afunge zizi na asiuze.

2. Wewe mwenye gari au pikipiki, ukiombwa kubeba mizoga au wagonjwa usiku, kataa. Hiyo si riziki.

3. Jirani akikosa jembe au mikono ya kuchimba shimo refu la kuzika mizoga, msaidie. Kuzuia madhara ni ibada, na maji ya mto tunayachota sote.

4. Jitazame na wewe. Mbuzi mgeni uliyemnunua kwa ajili ya Idi mtenge kwanza na wengine. Sotoka ina chanjo, chanja. Na mbuzi mgonjwa usimpeleke sokoni ukificha ugonjwa wake, maana Mtume (s.a.w.) alimkana mwenye kughushi.

Ee Mola wetu, tukinge na maradhi, sisi na jirani zetu. Tupe riziki ya halali na nyoyo zisizofurahia msiba wa mtu. Iletee Ituri amani. Amin.

Tafadhali usiitupe karatasi hii ovyo. Ukimaliza kuisoma mpe mwenzako.