Faradhi ya Kifaya Inapimwa Wapi?



Mtu akifariki kisiwani Chula, kumwosha, kumkafini, kumswalia na kumzika ni faradhi ya kifaya. Wakitimiza wachache, wengine wote husalimika. Lakini hakuna faqihi aliyesema kwamba, maadamu Jeddah wapo waoshaji wengi, watu wa Chula wakae tu. Maiti yupo Chula, na kutosheleza kunapimwa pale alipo.

Sasa tumtazame aliye hai. Imam Ghazali katika Ihya aliihesabu tiba kuwa faradhi ya kifaya, akalalamika kuwa miji mingi haina tabibu Mwislamu ilhali watu wamesongamana kwenye mijadala ya fiqhi. (Sisi wa Masomo ya Kiislamu ukurasa huo huupita mbio.)

Tiba yenyewe imefika mbali. Mwanga wa kawaida huzuiwa na damu na nyama, lakini mwanga wa karibu na infraredi, wa nanomita 700 hadi 900 hivi, ambao jicho haliuoni, hupenya milimita kadhaa. Ipo rangi iitwayo indosiyanini ya kijani. Ilitoka katika maabara za Kodak, watu wa filamu za picha, ikaruhusiwa kwa wagonjwa Marekani mwaka 1959. Mama mwenye saratani ya titi hudungwa rangi hiyo karibu na uvimbe. Husafiri hadi tezi za mwanzo za kwapani, na zikimulikwa hung'aa kwenye kamera maalumu. Daktari hutoa hizo chache zikapimwe. Zikiwa salama, nyingine huachwa, na mama hupunguziwa hatari ya kuvimba mkono maisha yake yote. Mwaka 2021 ikaruhusiwa huko huko pafolasianini, ambayo hunasa kwenye seli za saratani ya ovari zenyewe, daktari akaona mabaki ambayo macho yake yangeyaacha.

Visiwa vya Wabajuni vimepangana kusini mwa Kismayo kuelekea mpaka wa Kenya. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Kenya, Mombasa wakiwemo. Waliobaki, mgonjwa wao hupakiwa mashuani kwanza, ndipo atafutiwe daktari.

Mtu ataniambia: kule kunahitajika mpasuaji, mpimaji wa vipande vya nyama na umeme usiokatika, kamera ya nini? Ni kweli, kamera bila mpasuaji ni pambo. Ila jibu hilo linaongeza deni. Na anayesema elimu hii wanayo Wamarekani, kwa hiyo imetosha, na arudi kwa yule maiti wa Chula.

Nani basi ana dhambi? Si mvuvi wa Chovai. Hana uwezo, na faradhi humfuata mwenye uwezo. Wa karibu wakishindwa, huwahamia wanaofuata: Kismayo, Lamu, Mombasa, hadi sisi tulioketi vyuoni. Hadi pia yule anayemwambia kijana wa kemia kuwa anapoteza umri kwa elimu ya dunia.

Kila Ramadhani jumuiya yetu hukusanya sadaka ya futari, na ni jambo jema. Naiuliza kamati: kuna kizuizi gani cha kutenga fungu jingine, la mwaka mzima, limsomeshe kijana mmoja wa Kibajuni upasuaji au patholojia, kwa sharti la kurudi kuhudumia pwani ile?